Mtoto Unayemtuma Kuwasha Moto Mpe Kiwashio, Usimpe Mafuta ya Taa

Mambo ya viwavijeshi na mbolea ya kukuzia tutayarudia wiki ijayo. Leo nataka tuzungumze kuhusu moto wa kupikia, hasa ule unaowashwa na mtoto, na zaidi ule wa shambani wakati familia imehamia huko.

Najua yupo atakayeuliza: afisa ugani anatafuta nini jikoni kwa watu? Jibu langu ni kwamba mashamba natembelea asubuhi, na asubuhi anayekohoa kwenye moshi ni mtoto. Baba ameingia jarubani, mama anapalilia, na binti wa miaka tisa au mvulana wa miaka kumi ndiye ameachiwa uji na moto wake. Mkononi ana kiberiti na kichupa cha soda chenye mafuta ya taa. Kama mafuta yameisha, ana kipande cha mfuko wa nailoni au ukanda wa ndala iliyokatika.

Hapo ndipo nina ugomvi na sisi wazazi. Mchana tunamkanya mtoto asichezee moto, halafu saa kumi na moja alfajiri tunamwamsha akawashe jiko. Kama kazi ya kuwasha moto ni yake, na katika nyumba nyingi ni yake, basi afundishwe vizuri na apewe kitu salama cha kuwashia. Kitu chenyewe hakihitaji mradi wala mfadhili. Kinatokana na magunzi, vumbi la mbao na nta, na mnaweza kukitengeneza pamoja naye Jumamosi moja mchana.

Msimu wa kulijadili jambo hili ni huu. Wanaolima mpunga mabondeni wanajua masika yanavyokuwa: kuni zimelowa, udongo umelowa, na familia imehamia shambani kulinda kwelea na nguruwe. Rufiji wana madungu yao, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, ambamo watu hukaa na watoto wao wakilinda mpunga. Wavuvi nao wana dago zao. Katika nchi nyingine wazazi huchukua watoto wakaenda kulala porini kwenye mahema kwa ajili ya mapumziko tu, na wanawafundisha kutengeneza viwashio vya moto nyumbani kabla ya safari. Sisi kambi yetu ni ya kazi, lakini kuni mbichi ni kuni mbichi popote ulipo, na mtoto wetu hajapungukiwa akili ya kufundishwa.

Nianze na mafuta ya taa, maana hapa ndipo maumivu makubwa yalipo.

Mafuta ya taa yakimwagwa kwenye kuni baridi yanawaka bila vurugu nyingi. Hatari iko pale moto unapoonekana kama umezimika, kumbe makaa ya chini bado ni ya moto. Mtoto anamimina tena. Mafuta yanapogusa makaa yanageuka mvuke mara moja, mvuke unashika, na moto unapanda hewani kufuata mkono ulioshika chupa. Nguo zetu nyingi za mitumba ni za nyuzi za plastiki, zikishika moto zinayeyuka na kugandia mwilini. Kuna jambo la pili ambalo wenye maduka mnalijua kuliko mimi. Petroli ya bodaboda inauzwa kwenye chupa zile zile, kwenye benchi lile lile, na mara nyingi inapimwa kwa faneli ile ile. Petroli kidogo ikichanganyika na mafuta ya taa, kilichoko kwenye chupa si mafuta ya taa tena. Petroli inatoa mvuke unaoshika moto hata asubuhi ya baridi, kabla hujagusisha njiti.

La tatu ni chupa yenyewe. Mtoto mdogo akiona chupa ya soda anaona soda. Akishayanywa mafuta ya taa, msimtapishe. Yanaporudi juu kwa matapishi ni rahisi kuingia kwenye mapafu, na mapafu ndiyo yanayoua. Mpelekeni kituo cha afya haraka, na chupa mkaionyeshe.

Nailoni na ndala sitazizungumzia sana. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio bado vipo, na magunia ya plastiki yaliyochakaa yapo tele. Moshi wake unachoma macho na kifua, na matone yake yanayodondoka huku yanawaka yanaunguza ngozi vibaya kwa sababu yanaganda hapo hapo. Anayewasha anakuwa ameinama juu ya jiko, uso sentimita thelathini kutoka kwenye moshi huo. Sihitaji kuongeza neno.

Wapo wanaoshauri oili chafu ya injini ichanganywe na vumbi la mbao. Inawaka, sikatai. Lakini oili iliyotoka kwenye injini imebeba masalia ya vyuma, na moshi wake unapita kwenye sufuria ya mboga. Mimi siishauri kwa moto wowote wa chakula.

Sasa tuje kwenye vifaa.

Gunzi ndilo nalipenda kuliko vyote, kwa sababu kila mkulima wa mahindi analo na wengi wanalitupa. Kwa ndani ni jepesi kama sifongo, linanyonya nta vizuri. Liwe limekauka kabisa, likiguswa litoe mlio mkavu. Vumbi la mbao unalipata kwa fundi seremala bila malipo, lakini muulize ametoka kupasua nini. Vumbi la nguzo zilizotiwa dawa, lile la mbao zilizopakwa rangi, na lile la mbao za kubandikwa kwa gundi usilichukue. Dawa inayowekwa kwenye nguzo ni sumu na ikiungua inatoka na moshi. Watu wa pwani mna makumbi ya nazi, yachambueni nyuzi zake. Watu wa Mufindi na Njombe mna misonobari: koni zake zilizokauka zimefunguka na vipande vyenye utomvu vinawaka karibu bila msaada wowote.

Maganda ya mpunga yanayorundikana mashineni ndiyo ninayoulizwa sana. Kwa kiwashio, yaacheni. Yana madini mengi yanayobaki kama majivu, yanafukuta polepole na hayatoi ndimi za moto haraka. Kazi yake ni nyingine: kuchomea tofali, kutandika banda la kuku.

Nta ndiyo inayofanya kiwashio kisiogope mvua. Hapa ninawaomba wafugaji wa nyuki mnisikilize. Nta safi iliyochujwa msiichome. Ina soko, na Tanzania inauza nta nje ya nchi miaka mingi, hivyo kuifanya kiwashio ni kuchoma fedha. Kinachofaa ni machicha: yale masega meusi na takataka zinazobaki kwenye kitambaa ukishakamua nta. Wengi mnayatupa nyuma ya nyumba, yakavutia nondo wa nta wanaokuja kushambulia mizinga yenu. Ndani yake bado kuna nta na gundi ya nyuki, na yanawaka kama kibatari. Yakiwa bado na joto yafinyangeni vidonge vya ukubwa wa limau dogo, yaanikeni kivulini, kazi imekwisha. Hakuna hata haja ya kuongeza kitu.

Asiye na nyuki akusanye masalia ya mishumaa. Kanisani vinabaki vipande vingi, na sijaona paroko au mchungaji anayekataa ukimwomba kwa adabu. Kununua mshumaa mpya dukani ili uuyeyushe hakuna faida; kama huna njia nyingine, afadhali ukate mshumaa mmoja vipande vidogo na kutumia kipande kimoja kimoja chini ya kuni.

Siku ya kutengeneza, gawa kazi kwa umri. Mtoto wa miaka minne au mitano anakusanya magunzi, anayapanga kwa ukubwa, anajaza vumbi la mbao kwenye trei la mayai. Trei liwe la karatasi. La plastiki halifai. Anaweza pia kupewa kazi ya kuokota vijiti, ila mwonyesheni kwanza mti wa mnyaa ulivyo, maana utomvu wake ukiingia machoni ni hospitali. Wa miaka nane au tisa anavunja magunzi vipande vya urefu wa kidole cha mtu mzima na kuvifunga uzi wa katani, akiacha mkia mrefu wa kushikia. Kuyeyusha na kumimina nta ni kwa mtu mzima peke yake. Mtoto hata awe hodari namna gani, hapo anakaa hatua tatu nyuma na kutazama.

Nta haiyeyushwi moja kwa moja juu ya moto. Ikizidi joto inashika moto yenyewe kama mafuta ya kukaangia. Chukua sufuria ya zamani, weka vijiwe viwili vitatu chini, mimina maji, kisha simamisha kopo la nta juu ya vijiwe hivyo ndani ya maji. Maji hayapiti nyuzi joto 100, na nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo maji yanakulindia joto. Tumia makaa yaliyotulia, fanya nje, na ongeza maji yakipungua. Kopo likiisha kuguswa na nta liwe la kazi hiyo tu, usije ukagombana na mama watoto kwa sufuria ya wali. Weka mfuniko karibu. Nta ikishika moto, funika, ondoa makaa, na kaa mbali mpaka ipoe. Maji usimwage kamwe juu ya nta inayowaka, yatairusha huku na huku ikiwa inawaka.

Gunzi lichovye kwa kushika mkia wa uzi, nusu tu ya urefu wake, hesabu mpaka kumi, toa, ning'iniza. Ile nusu isiyo na nta ndiyo ya kushikia unapowasha. Kwa trei la mayai, mimina nta polepole juu ya vumbi la mbao mpaka lilowe. Ukiona nta inaelea juu umezidisha na unapoteza mali. Ikiganda, kata trei vipande kwa mkasi: trei la mayai 30 linakupa viwashio 30.

Kabla hujaondoka nazo kwenda shambani, jaribu kimoja. Washa, pima kwa saa ya simu. Cha trei kilichotengenezwa vizuri kinapaswa kuwaka dakika 8 hadi 10 au zaidi. Cha gunzi kinaweza kupungua hapo. Kikizima kabla ya dakika tano, ama vumbi lilikuwa na unyevu, ama nta ilikuwa haba. Usigawe kitu ambacho hujakijaribu.

Sasa mfundishe mtoto kuwasha, na usimwachie somo hili dada yake. Safisha majani kavu eneo la hatua mbili kila upande. Ndoo ya maji au mchanga iwepo kabla ya kiberiti kutoka mfukoni. Kitenge kinachoning'inia kifungwe, nywele ndefu zifungwe. Kiwashio kiwekwe katikati ya mafiga, juu yake vijiti vyembamba kama njiti ya kiberiti, halafu vya unene wa kidole gumba, halafu ndipo kuni. Watoto wengi wanakosea kwa kurundika kuni nene mapema, hewa inakosekana, moto unakufa, na hapo ndipo wazo la kuongeza mafuta linapokuja. Mwache ashindwe mara mbili tatu ukiwa umesimama naye. Nimeona wazazi wanaomnyang'anya mtoto kiberiti kwa kukosa subira, wakati kesho yake wanamwacha nacho peke yake.

Kwenye jiko la mkaa ni rahisi zaidi. Kiwashio kinakaa chini, vipande vidogo vya mkaa vinakizunguka na kukifunika bila kukibana, mlango wa hewa unaachwa wazi, jiko linawashwa nje. Na jiko lenye mkaa unaowaka lisiingizwe kwenye kibanda mnacholala, hata kama mvua inanyesha na watoto wanatetemeka. Hewa yake yenye sumu haina harufu, haina rangi, na inaua waliolala. Kwa wenye dungu, msiwashe moto chini ya makuti mnayolalia. Kwenye mbu tumieni chandarua.

Na ikitokea kuungua: maji safi ya baridi yatiririke juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Si barafu. Dawa ya meno, yai, unga wa ngano na majivu vyote vikae mbali, vinashika uchafu na kumpa mganga kazi ya kuvibandua. Vua pete na bangili kabla ya uvimbe. Nguo iliyogandia kwenye ngozi iache ilivyo. Kama ni usoni, mkononi, sehemu za siri, au ni kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, nendeni zahanati bila kusubiri asubuhi.

Kwa upande wa biashara nitasema kidogo, kwa sababu sitaki mtu aache kilimo akimbilie viwashio. Utajiri haupo hapo. Kilichopo ni nyongeza nzuri kwa mtu ambaye tayari anauza mkaa, mayai au asali. Muuza mkaa, ukiweka gunzi moja la nta juu ya kila kisado, mteja atakayejaribu kuwasha nalo atarudi kwako kesho. Muuza mayai, trei zako zilizochanika ni malighafi. Mfuga nyuki, machicha unayotupa yafinyange na kuyauza kumi kumi, yamefungwa kwa jani kavu la mgomba au karatasi, yasifungwe kwa nailoni.

Bei mpange wenyewe, ila pigeni hesabu kwa namna hii. Tuseme mteja wako ananunua mafuta ya taa ya shilingi 500 na yanamtosha kuwasha moto mara tano. Kila moto unamgharimu shilingi 100. Kiwashio chako kikizidi shilingi 100 hatakinunua, hata umhubirie usalama mpaka jua lizame. Kikiwa 50, anakiangalia mara mbili. Kama gharama yako ya nta peke yake inafika 50, ujue umetengeneza kwa mishumaa ya kununua, acha. Kwa machicha ya masega na masalia ya kanisani gharama kubwa ni muda wako na kuni za kuyeyushia.

Ninaombwa pia na walimu wa skauti watoe somo hili kabla ya kambi za wanafunzi. Ninaliunga mkono, kwa sharti moja: kuyeyusha nta kufanywe na mwalimu, mbele ya kikundi kidogo. Watoto arobaini kuzunguka kopo moja la nta ya moto ni ajali inayosubiri siku yake. Heri wanafunzi wajaze trei shuleni, mwalimu amimine nta baada ya wao kwenda nyumbani, na wakute viwashio vimeganda kesho yake.

Utunzaji wake sasa. Viwashio viwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko, mahali penye kivuli. Ukiacha juu ya bati au kwenye boksi la pikipiki juani, vitalainika na kugandana. Vile vya machicha viwe mbali na mizinga na visikae wazi, nyuki watavizunguka kutwa nzima na watoto watadungwa. Panya nao wanapenda nta. Kiberiti kikae juu, kwenye kopo lake chenyewe, na kichupa cha mafuta ya taa, kama bado mnakihitaji kwa kibatari, kitoke kwenye chupa ya soda kihamie kwenye dumu lenye alama ambayo hata asiyejua kusoma anaielewa.

Maswali leteni siku ya gulio, nitakuwa na sampuli tatu: ya gunzi, ya trei na ya machicha. Mwenye vumbi la mkaratusi aje nalo nusu kilo, nataka tulijaribu pamoja tuone linavyowaka likilinganishwa na la msonobari.